Wanaposema tundu la kerneli limezibwa, limezibwa wapi?

Kila baada ya miezi michache habari ya namna moja hupita kwenye tovuti za habari na katika makundi ya WhatsApp: wataalamu wamegundua tundu la kiusalama ndani ya Linux au Android, vifaa vingi vimo hatarini, na mwishoni kabisa kuna sentensi fupi ya kutuliza inayosema kwamba tundu hilo limeshazibwa. Msomaji mmoja hupumua na kuendelea na shughuli zake. Mwingine hukimbilia kupakua programu ya kuua virusi. Wa tatu husema yeye hahusiki, kwa kuwa simu yake ni ya Android na habari inazungumzia Linux. Wote watatu wamekosea, lakini si haki kuwalaumu, kwa sababu neno "limezibwa" hutumika kwa mambo matatu au manne tofauti ambayo hutokea mahali tofauti, na baina ya moja na jingine inaweza kupita wiki, mwaka, au lisitokee kabisa.

Tuanze na kerneli yenyewe. Simu ikiwa imewashwa huwa na programu nyingi zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, na zote hugombea vitu vilevile: kichakataji kimoja, kumbukumbu moja, kioo kimoja, antena moja. Mfumo endeshi ndio unaozipangia zamu, na ndani ya mfumo huo kuna sehemu ya chini kabisa yenye mamlaka ya mwisho, ambayo baadhi ya waandishi huiita kiini na wengine kerneli. Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, kisima kimoja na mita moja ya umeme. Kila mpangaji ana ufunguo wa chumba chake tu, na akihitaji kitu cha pamoja humwendea msimamizi, ambaye huangalia kwanza kama mtu huyo ana haki ya anachoomba. Programu zako ni wapangaji, na kerneli ni msimamizi anayetembea na funguo zote kiunoni.

Mfano huu hauko mbali na hali halisi. Katika Android kila programu unayosakinisha hupewa namba yake ya utambulisho, kana kwamba ni mtu mwingine kabisa anayetumia simu hiyo, na kerneli ndiyo inayohakikisha kwamba programu ya tochi haigusi mafaili ya programu ya benki. Kerneli hiyo ni ya Linux, ileile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Mwenye simu ya Android anatumia Linux, ajue asijue.

Yapo maneno mengine manne ambayo huchanganywa kila siku. Hitilafu ni kosa lolote lililomo ndani ya programu. Mwanya wa kiusalama, au tundu, ni hitilafu ambayo mtu anaweza kuitumia kwa makusudi ili apate asichoruhusiwa. Kiraka ni badiliko la msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, linaloondoa kosa hilo. Sasisho ni kifurushi kinachobeba viraka na kuvifikisha kwenye kifaa chako. Habari ikisema "limezibwa", mara nyingi inamaanisha kwamba kiraka kimeandikwa, haimaanishi kwamba sasisho limekufikia.

Kwa nini makosa yawemo kwenye sehemu nyeti kiasi hicho? Kerneli ya Linux imepita mistari milioni 30 ya msimbo, mingi kati ya hiyo ikiwa ya kuzungumza na aina zote za vifaa vilivyopata kutengenezwa, na karibu yote imeandikwa kwa lugha ya C, lugha ya miaka ya 1970 inayomwachia mwandishi kazi ya kukumbuka kila kipande cha kumbukumbu amekitumiaje na amekirudisha lini. Kosa ndani ya programu ya kawaida huangusha programu hiyo peke yake. Kosa ndani ya kerneli huangusha nyumba nzima, kama dunia ilivyoona tarehe 19 Julai 2024, pale faili moja lenye kasoro la kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike, lililosomwa na sehemu ya programu yake inayofanya kazi ndani ya kerneli ya Windows, lilipozima kompyuta ambazo Microsoft ilikadiria kuwa milioni 8.5. Wengi walidhani ni shambulio la wadukuzi. Halikuwa shambulio, lilikuwa sasisho.

Ili kuona jinsi tundu linavyopatikana na kuzibwa, kisa kinachofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kile kilichopewa jina la Dirty Pipe, yaani bomba chafu, kwa sababu aliyekigundua hakuwa akitafuta tundu lolote. Max Kellermann ni mhandisi wa programu katika kampuni ya Kijerumani inayohifadhi tovuti za wateja. Mwezi Aprili 2021 mteja alilalamika kwamba faili lililobanwa, lenye rekodi za waliotembelea tovuti yake, halifunguki. Kellermann alilirekebisha kwa mkono na kufunga shauri. Lakini malalamiko yakarudi tena na tena kwa miezi kadhaa, kila mara faili likiwa zima isipokuwa baiti 8 za mwisho, na kila mara baiti hizo zikiwa zilezile. Akabaini kwamba mafaili ya siku ya mwisho ya mwezi ndiyo yaliyoharibika zaidi, na kwamba zile baiti 8 ni mwanzo wa sehemu fulani ya faili la aina ya ZIP, ambalo huduma nyingine kwenye seva ilikuwa ikilitengeneza kwa kuyaunganisha mafaili ya siku zote za mwezi.

Jambo lililomnyima usingizi ni kwamba huduma ile ya ZIP ilikuwa na ruhusa ya kuyasoma mafaili yale tu. Haikuwa na ruhusa ya kuyaandika. Mpangaji asiye na ufunguo hawezi kuacha alama ndani ya chumba cha jirani, na akiacha, basi wa kuulizwa ni msimamizi. Kellermann akaandika programu mbili fupi sana: moja ikiandika herufi A mfululizo kwenye faili, nyingine ikilisoma faili hilo kupitia bomba, yaani njia ambayo kerneli huitumia kupitisha data kutoka programu moja hadi nyingine, kisha ikiandika herufi B kwenye bomba, si kwenye faili. Herufi B zikatokea ndani ya faili.

Kilichokuwa kikitendeka kinaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa masjala. Ofisi ina majalada machache yanayotumika kupitisha karatasi kutoka meza moja hadi nyingine. Karani akiweka ujumbe mfupi usiojaza ukurasa, hubandika juu ya jalada kikaratasi kinachosema "nafasi bado ipo, endelea kuandika hapahapa", ili anayefuata asipoteze karatasi mpya. Ni busara ya kubana matumizi. Siku nyingine jalada lilelile linatumika kupitisha hati halisi ya kiwanja, iliyotolewa kabatini ili isomwe tu, na karani amesahau kubandua kile kikaratasi cha zamani. Anayefuata anakiona, anaandika, na maandishi yake yanaingia kwenye hati yenyewe. Katika kerneli, "hati" hiyo ni nakala ya faili iliyo kwenye kumbukumbu, ambayo ndiyo programu zote huisoma. Mwenye nia mbaya akilielekeza jambo hili kwenye faili la watumiaji wa kompyuta, anaweza kuiondoa nywila ya mtumiaji mwenye mamlaka yote na kujifanya yeye ndiye.

Historia ya kosa hilo inafundisha zaidi ya kosa lenyewe. Usahaulifu wa kubandua kikaratasi uliingia katika toleo la 4.9 la Linux mwaka 2016, na kwa muda haukumdhuru mtu, kwa sababu wakati huo hapakuwa na kikaratasi cha hatari cha kusahau. Kibandiko cha "endelea kuandika" kilikuja katika toleo la 5.8, mwaka 2020, nacho peke yake hakikuwa na ubaya. Mabadiliko mawili, kila moja likiwa salama kwa aliyelitazama, yalipokutana yakafungua mlango. Hii ndiyo sababu kauli ya kwamba msimbo ulio wazi kwa kila mtu kuusoma hauwezi kuwa na matundu kwa kuwa macho ya wengi yanautazama ni nusu ya ukweli. Macho yalikuwepo, ila kila moja lilitazama upande wake.

Kiraka chenyewe kilikuwa mistari miwili. Inasema tu kwamba kila jalada linapochukuliwa kutumika upya, vibandiko vyote vya zamani vibanduliwe, na mstari huo uliwekwa mahali pawili ambapo ulikuwa umesahaulika. Tarehe 20 Februari 2022 Kellermann aliiarifu timu ya usalama ya kerneli. Kesho yake alithibitisha kwamba tundu linaiathiri simu ya Google Pixel 6 na kuwaarifu wahandisi wa Android. Tarehe 23 matoleo 5.16.11, 5.15.25 na 5.10.102 yalitoka yakiwa na kiraka ndani yake. Umma uliambiwa tarehe 7 Machi.

Kwa nini kimya hicho cha kati? Hapa pana mgogoro usio na suluhisho safi. Linux hutengenezwa hadharani, na kiraka kikishawekwa, mtu yeyote anaweza kukisoma. Fundi anayeziba ukuta mbele ya watu anawaonyesha pia tundu lilikuwa wapi, na nyumba nyingine zote zilizojengwa kwa ramani ileile bado hazijazibwa. Kwa hiyo timu ya usalama ya kerneli hukubali usiri wa muda mfupi tu: kiraka kikishapatikana, kwa kawaida hakizuiliwi zaidi ya siku 7, na katika hali za pekee siku 14. Usiri mrefu umewahi kujaribiwa, nao ulivuja. Katikati ya mwaka 2017 watafiti waliwaarifu watengenezaji wa vichakataji kuhusu dosari ambazo baadaye ziliitwa Meltdown na Spectre, na makubaliano yalikuwa kutangaza tarehe 9 Januari 2018. Lakini ili kuikinga mifumo dhidi ya Meltdown, wahandisi wa Linux walilazimika kujenga upya, kwa haraka isiyo ya kawaida, mpaka kati ya kumbukumbu ya kerneli na ile ya programu. Watu waliokuwa wakifuatilia msimbo huo walijiuliza kwa nini ukuta mkubwa hivyo unajengwa kwa kasi bila sababu kutajwa, uvumi ukaenea, na tangazo likalazimika kutolewa tarehe 3 Januari.

Haya yote bado yanahusu makao makuu. Kiraka kikishaingia katika kerneli ya Linux, safari yake hadi mfukoni mwako ndiyo kwanza inaanza. Google hukichukua na kukiweka katika toleo lake la kerneli kwa ajili ya Android. Kampuni inayotengeneza kichakataji, iwe Qualcomm, MediaTek au Unisoc, nayo ina kerneli yake iliyoongezewa vitu vyake. Kampuni ya simu huchukua kerneli ya mtengenezaji wa kichakataji, huongeza yake, hupima kama kamera na laini mbili bado zinafanya kazi, kisha hutoa sasisho kwa kila modeli peke yake. Simu ya bei nafuu unayoinunua Kariakoo au Luthuli Avenue iko mwisho wa mnyororo huo, na pete moja ikichelewa, zote zilizo chini yake huchelewa.

Mfano mchungu zaidi ninaoujua ni wa Binder, sehemu ya kerneli ambayo programu za Android huitumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Mwezi Novemba 2017 syzkaller, chombo cha Google kinachoijaribu kerneli kwa kuirushia maombi ya kiholela usiku na mchana, kilipata humo kosa la aina inayojulikana sana: sehemu ya kumbukumbu inatumika baada ya kurudishwa. Ni kama mpangaji aliyehama lakini hakunyang'anywa ufunguo. Chumba kimepangishwa kwa mwingine, naye bado anaingia. Kosa hilo lilirekebishwa, na mwezi Februari 2018 kiraka kikaingizwa katika kerneli ya 4.14, mojawapo ya matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu. Lakini halikupewa namba ya CVE, yaani namba ya orodha ya kimataifa ya mianya ya kiusalama, hivyo aliyeliona aliliona kama rekebisho moja dogo kati ya maelfu. Simu nyingi zilizotumia kerneli za zamani hazikulipata. Mwezi Oktoba 2019, zaidi ya mwaka mmoja na nusu baadaye, Maddie Stone wa Project Zero, kikosi cha Google kinachotafuta mianya ya kiusalama, alitangaza kwamba kuna dalili kuwa tundu hilohilo linatumika kuwashambulia watu, na miongoni mwa simu alizozitaja zilikuwemo Pixel 2, Samsung Galaxy S7, S8 na S9, pamoja na Xiaomi Redmi 5A. Mtu angesema kwa haki mwaka 2018 kwamba tundu limezibwa, na mwenye Galaxy S8 akadukuliwa mwaka 2019 kupitia tundu hilohilo.

Tangu Februari 2024 timu ya kerneli ya Linux inatoa namba za CVE yenyewe, na imeamua kumpa namba karibu kila kosa linaloweza kuwa na athari ya kiusalama, hata kama hakuna aliyeonyesha jinsi ya kulitumia. Namba zikafika maelfu kwa mwaka. Ukiona mtu anaonyesha mchoro wa ongezeko hilo kama ushahidi kwamba Linux imeoza ghafla, jua kwamba kilichobadilika ni daftari. Makosa mengi ya namna hiyo yalikuwa yakirekebishwa zamani bila kuandikwa popote.

Wala kiraka si lazima kiwe sahihi mara ya kwanza. Mwaka 2016 Phil Oester aligundua tundu lililoitwa Dirty COW, lisilohusu ng'ombe hata kidogo bali kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kunakili wakati wa kuandika. Turudi masjala. Mtu anayetaka kuandika juu ya hati asiyoimiliki hupewa nakala aandike humo. Wadukuzi wawili walishirikiana: mmoja anaomba kuandika, karani anatoa nakala, na kabla hajaikabidhi, mwenzake anaomba nakala hiyo itupwe. Karani anarudi kabatini, anakumbuka kwamba kazi ya kunakili ameshaifanya, na anakabidhi hati halisi. Kosa hilo liliweza kutumika tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Torvalds aliandika kwamba alikuwa amejaribu kulirekebisha miaka 11 kabla, lakini rekebisho lile liliondolewa kwa sababu lilileta matatizo kwenye kompyuta kubwa za IBM. Na hata kiraka cha 2016 kiliacha ufa mdogo uliohusu kurasa kubwa za kumbukumbu, uliogunduliwa Novemba 2017 na kuhitaji kiraka cha pili.

Sasa tunaweza kurudi kwa wale wasomaji watatu. Programu ya kuua virusi haizibi tundu la kerneli, kwa sababu nayo ni mpangaji kama wengine. Inaweza kukuonya kuhusu mpangaji mwingine mwenye sura mbaya, lakini haiwezi kumrekebisha msimamizi. Kuirudisha simu katika hali ya kiwandani nako hakusaidii, kwani kunasafisha vyumba na kumwacha msimamizi yuleyule na udhaifu wake uleule. Yupo pia anayesema hana cha kuibiwa; huyo aangalie kama ana laini ya simu yenye pesa ndani yake. Ni kweli pia kwamba matundu mengi ya kerneli hayaingiliki kutoka mbali: mshambuliaji anahitaji kwanza kuwa mpangaji, yaani kuwa na programu yake ndani ya simu yako, na ndiyo sababu faili la APK, yaani faili la kusakinishia programu ya Android, linalotumwa kwenye kundi la WhatsApp ni hatari kuliko linavyoonekana. Programu isiyoomba ruhusa yoyote inaweza kuwa ndiyo inayomjua msimamizi asiyebandua vibandiko.

Wanaolalamika kwamba masasisho hula bando wana hoja, na dawa yake ni kusubiri Wi-Fi kwa siku mbili tatu, si kusubiri mwaka. Kuwashwa upya baada ya sasisho nako hakukwepeki, kwa kuwa kerneli inayofanya kazi iko kwenye kumbukumbu, na mpya haichukui nafasi yake mpaka ya zamani izimwe. Seva kubwa zina mbinu ya kuibandika kerneli kiraka ikiwa kazini, na msingi wake umo ndani ya Linux tangu toleo la 4.0 la mwaka 2015, lakini simu za kawaida hazina utaratibu huo.

Njia ya kujua kama limezibwa mkononi mwako ipo ndani ya simu. Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Toleo la Android, utaona tarehe ya sasisho la usalama. Watu wengi huangalia mwezi na mwaka tu, ilhali namba ya siku nayo ina maana. Kwa utaratibu ambao Google imeufuata kwa miaka mingi, siku ya 1 ya mwezi humaanisha kwamba viraka vya sehemu za juu za Android vimewekwa, na siku ya 5 humaanisha kwamba viraka vya kerneli na vya vichakataji vya mwezi huo vimewekwa pia. Simu mbili zinaweza kuonyesha mwezi mmoja, moja ikiwa na kiraka cha kerneli cha mwezi huo na nyingine haina. Na ikiwa tarehe hiyo haijasogea kwa mwaka mzima huku simu ikikuambia kwamba imesasishwa kikamilifu, maana yake ni kwamba mtengenezaji ameacha kuitolea viraka modeli hiyo, na matundu yatakayozibwa kuanzia hapo yatazibwa kwenye simu za watu wengine.